Umepangiwa kufundisha kuandika habari na makala chuoni? Anza hivi

Naandika hii kwa mwalimu mwenzangu, hasa yule aliyeajiriwa juzi juzi akakabidhiwa kozi ya uandishi wa habari na makala, darasa lina watu mia na ushee, semista inasemekana ni wiki 15 lakini ukitoa mitihani, ukitoa testi, ukitoa zile wiki za mwanzo ambazo nusu ya darasa wako foleni ya bodi ya mikopo na hosteli, unabaki na wiki kama kumi za kufundisha kweli. Nazungumzia zaidi vyuo vyetu vya Tanzania maana ndo navijua.

Nasema mapema ninachoamini: kuandika habari hakufundishwi kwa silaidi. Mwanafunzi anajifunza akitoka nje, akarudi na notibuku, akaandika, ukamrudishia, akaandika tena. Historia ya magazeti na nadharia za mawasiliano zina kozi zake, we pigania muda wa kuandika.

Hatua ya 1: Wasome magazeti, tena kwa sauti

Wengi wanaoingia mwaka wa kwanza hawajawahi kusoma gazeti kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Wamesikia magazeti yakisomwa redioni asubuhi, wamesimama pale kwa muuza magazeti wakasoma vichwa vya habari wakaondoka, na siku hizi vichwa vyenyewe wanaviona kwenye simu. Kwahiyo wanajua kichwa cha habari kinavyofanya kazi ila mwili wa stori hawaujui kabisa.

Kila kipindi anza na tukio moja lililoandikwa na magazeti matatu, mfano Mwananchi, Nipashe na HabariLeo. Mwanafunzi mmoja asome aya tatu za kwanza za kila gazeti kwa sauti, wengine wasikilize bila kuangalia karatasi, alafu uliza: mmeelewa nini? Nani kafanya nini? Sentensi ipi mmeipoteza njiani? Sikio halina huruma, sentensi ya maneno hamsini ukiisoma kwa macho inapita, ukiisikia unagundua hata msomaji mwenyewe pumzi imemuishia kabla hajafika kwenye kitenzi. Dakika kumi na tano zinatosha, ila usiruke hata wiki moja.

Hatua ya 2: Intro, intro, intro

Intro ni ile aya ya kwanza ya habari. Hapa kaa sana, hata wiki mbili. Mi napenda kutumia tukio la kweli ambalo kila mtu analikumbuka ili wasipoteze muda kuelewa mazingira. Chukua ajali ya ndege ya Precision Air, Bukoba, Jumapili ya tarehe 6 Novemba 2022. Waandikie ubaoni taarifa zikiwa zimevurugwa makusudi: ndege imetoka Dar es Salaam, hali ya hewa mbaya, abiria 39, wafanyakazi wa ndege 4, imeanguka Ziwa Victoria ikikaribia kutua, wavuvi wamefika kusaidia, waliokufa 19, Waziri Mkuu ataongoza kuaga miili uwanja wa Kaitaba kesho yake. Wape dakika kumi waandike intro isiyozidi maneno 30, kama vile wanaandikia gazeti la Jumatatu.

Nusu ya darasa watakuletea kitu kama hiki: “Imeelezwa kuwa mnamo siku ya Jumapili ya tarehe 6 Novemba 2022 majira ya asubuhi kulitokea ajali ya kusikitisha iliyohusisha ndege ya abiria mali ya shirika la...” Hesabu nao maneno hapo hapo. Tumeshapita maneno ishirini na hatujajua kama kuna mtu kafa. Tumeambiwa tarehe ambayo msomaji wa Jumatatu anaijua ni jana, tumeambiwa ni ya kusikitisha wakati hilo msomaji ataliona mwenyewe akisikia idadi, na hiyo “imeelezwa” hatujui nani kaeleza. Sasa wafutie kila neno ambalo likitoka hakipungui kitu. Wenyewe watafika kwenye kitu kama hiki: “Watu 19 wamekufa baada ya ndege ya Precision Air iliyokuwa ikitoka Dar es Salaam kuanguka Ziwa Victoria jana asubuhi, ikikaribia kutua uwanja wa ndege wa Bukoba.”

Alafu waonyeshe jambo la pili kwenye tukio hilo hilo ambalo ni zuri sana kwa kufundishia: hesabu. Siku ile ile zilitoka taarifa kwamba waliookolewa ni 26, baadaye ikawa 24. Wewe usiwaambie ipi sahihi, waambie wajumlishe. Ndani ya ndege walikuwa 43. Waliokufa 19. Ukitoa unabaki na 24, kwahiyo ile 26 na 19 haziwezi kukaa kwenye stori moja, zinaleta watu 45 kwenye ndege ya watu 43. Mwandishi aliyejumlisha kabla ya kutuma stori anapiga simu kuuliza, ambaye hajajumlisha anachapa. Toka hapo weka sheria ya darasa: kila stori yenye namba inakuja na hesabu imeandikwa chini ya ukurasa. Vijana wengi wamekimbilia fani hii wakidhani wameachana na hisabati, waambie mapema kwamba hawajaachana nayo.

Hatua ya 3: Wazuie kuandika kama taarifa ya ofisi

Andika kwenye karatasi kubwa, bandika ukutani, vitu ambavyo hutaki kuviona semista nzima: imeelezwa kuwa, imebainika kuwa, wito umetolewa, wananchi wametakiwa, jamii imeaswa, kuchangamkia fursa, wadau mbalimbali, changamoto mbalimbali, kwa namna moja ama nyingine, hali iliyopelekea. Sio kwamba ni Kiswahili kibaya, tatizo lake ni kwamba yanamficha mtu. Ukisema “vijana wametakiwa” umemficha aliyewataka, na mara nyingi huyo ndo mwenye maswali ya kujibu.

Fanya nao zoezi na sentensi moja tu kwa kipindi kizima. Sentensi yenyewe: “Vijana wametakiwa kuchangamkia fursa ya mikopo inayotolewa na halmashauri.” Waulize, hapa stori iko wapi? Mwanzoni watakaa kimya. Anza kuwavuta. Hii mikopo inatoka wapi? Inatoka kwenye asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Sawa, halmashauri hii ilikusanya shilingi ngapi mwaka jana? Kwahiyo asilimia 4 ya vijana ilitakiwa iwe ngapi? Imetoka yote? Vikundi vingapi viliomba na vingapi vilipata? Mikopo hii ilisimamishwa mwaka 2023 ikarudi 2024, kimebadilika nini kwenye utaratibu? Kuna kikundi kilichoomba kikanyimwa, kiko mtaa gani, tukaongee nao? Ukimaliza kipindi ubaoni kuna maswali kumi na zaidi na yote yametoka kwenye sentensi ambayo gazeti lingeichapa hivyo hivyo ilivyo. Hapo mwanafunzi anaelewa kwamba mkutano na waandishi wa habari ni mahali pa kuanzia kazi.

Vitenzi vya kunukuu navyo viguse, ila usikae sana. Vijana wetu wanaona aibu kurudia “alisema” kwahiyo wanazungusha: alibainisha, alifafanua, alisisitiza, alidokeza, alikiri. Waambie “alisema” haichoshi mtu. “Alikiri” inamfanya msemaji aonekane ana kosa na “alidai” inamfanya aonekane muongo, kwahiyo yatumike pale tu mwandishi amekusudia na ana ushahidi.

Hatua ya 4: Watoe nje, kila mmoja na kijiwe chake

Usiwapeleke wote sehemu moja kwa basi, wanageuka watalii. Mgawie kila mwanafunzi sehemu moja awe nayo semista nzima. Kama uko Dar kuna Feri, Kariakoo, Mahakama ya Kisutu, stendi ya Magufuli, zahanati za kata, ofisi za serikali za mitaa. Kama uko Mwanza kuna mwalo wa Kirumba, pale peke yake unaweza kuweka wanafunzi watano na wasigongane. Dodoma kuna Bunge lakini usiwarundike huko, soko la Majengo lina stori nyingi kuliko wanavyofikiri. Mara ya kwanza atarudi anasema “mwalimu pale hamna stori”. Mrudishe. Wiki ya tatu muuza samaki ameshamzoea, anamwambia mwenyewe kwamba ushuru umepanda au dagaa wameadimika, na hiyo ndo siku anaanza kuwa mwandishi.

Kabla hawajatoka wafundishe kuingia kwa watu, usidhani wanajua. Salamu kwanza, mzee unamwamkia shikamoo, unajitambulisha jina na chuo na unaandika nini, unakaa kama umekaribishwa kukaa. Simu ya kurekodi isitangulie usoni kwa mtu. Ukiongea na mama ntilie saa saba mchana wakati wateja wamejaa hakusikilizi, nenda saa tisa sahani zimeshaoshwa. Swali la kwanza liwe la kitu anachokifanya, asianze kuulizwa “una maoni gani kuhusu uchumi”, muulize leo ameamka saa ngapi na mkaa amenunua shilingi ngapi. Majina yaandikwe mbele ya mwenye jina, mwonyeshe notibuku, mwulize nimepatia? Namba ya simu ichukuliwe kila mara, utaona baadaye kwanini.

Kwa wale wa mahakamani kuna kitu hakina mjadala: mtuhumiwa, mshtakiwa na aliyetiwa hatiani ni watu watatu tofauti kisheria. Mtu akikamatwa ni mtuhumiwa, akisomewa mashtaka ni mshtakiwa, akitiwa hatiani ndo unaweza kusema kafanya. Mwanafunzi akiandika “mwizi huyo” kwa mtu ambaye kesi yake imeahirishwa, stori hiyo isipite hata kama imeandikwa vizuri kiasi gani. Na kesi ikihusu mtoto, jina, picha, shule, jina la mzazi, vyote vinakaa nje, Sheria ya Mtoto ya 2009 inamlinda.

Hatua ya 5: Karatasi nazo ni chanzo

Hii inasahaulika sana. Wiki ya pili tu, kila mwanafunzi aandike barua ya kuomba taarifa kwenye ofisi ya umma kwa kutumia Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016. Sheria inatoa mpaka siku 30 kujibu, ndo maana nasema wiki ya pili, jibu likichelewa bado semista haijaisha. Wengine watajibiwa, wengine hawatajibiwa, wengine wataitwa ofisini kuulizwa wametumwa na nani. Vyote vitatu waandike kwenye notibuku na tarehe, ni sehemu ya stori.

Ripoti ya CAG, yaani Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, inafika kwa Rais mwisho wa Machi na inawekwa wazi baada ya kuwasilishwa bungeni, kawaida Aprili. Kama semista yako inaangukia hapo una bahati. Mpe kila mmoja halmashauri ya nyumbani kwao, atafute imepata hati gani (maoni ya mkaguzi kuhusu hesabu zake) na hoja gani zimeibuliwa, alafu apige simu nyumbani kuuliza kama hilo darasa au hicho kisima kinachotajwa kipo. Mtoto wa Kasulu anayesoma kuhusu Kasulu huhitaji kumbembeleza.

Hatua ya 6: Sasa nenda kwenye makala

Usianze makala kabla habari haijakaa. Ukianza mapema watakimbilia maneno matamu kukwepa kazi ya kutafuta taarifa.

Zoezi la kwanza ni la macho. Nusu saa wakae sehemu moja, stendi au jikoni kwa mama lishe, waandike wanachokiona, kusikia na kunusa, marufuku kuandika sifa yoyote kama nzuri, mbaya, ngumu, ya kusikitisha. Atakayekuletea “maisha ya mama lishe ni magumu sana, anaamka alfajiri na mapema kupambana” mrudishe akaangalie tena. Arudi na kitu kama hiki: “Saa kumi na moja alfajiri sufuria la maharage limeshachemka. Makonda wawili wanakula wamesimama, mmoja anahesabu chenji kwa mkono wa kushoto. Mama anawaandika kwenye daftari la shule lililokatwa katikati, jina na kiasi, wa jana bado hajalipa.” Hapo hajasema ngumu hata mara moja na sisi tumeona. Lile daftari la madeni ndo makala yenyewe, wateja wangapi wanakula kwa kukopa, wanalipa lini, yeye mchele anakopa kwa nani.

Zoezi la pili, rudi Bukoba. Mvuvi kijana, Majaliwa Jackson, alikuwa miongoni mwa wa kwanza kufika kwenye ndege, nchi nzima ikamjua na akapewa nafasi Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Habari ni hiyo. Waulize darasa, makala iko wapi? Wengi watasema “historia ya maisha ya Majaliwa”. Hiyo ni nusu tu. Wasukume: kwanini aliyefika mapema ni mvuvi mwenye mtumbwi? Ziwa Victoria lilishatuchukulia mamia ya watu kwenye MV Bukoba tarehe 21 Mei 1996, likachukua zaidi ya 220 kwenye MV Nyerere kule Ukerewe tarehe 20 Septemba 2018, na pale Ukerewe fundi mitambo mmoja alitolewa hai ndani ya kivuko siku mbili baadaye. Sasa kati ya 1996 na 2022 ziwa hili limepata boti ngapi za uokoaji, wapiga mbizi wangapi, wanakaa wapi, wanafika kwa dakika ngapi? Hapo makala imepata uti wa mgongo. Kijana mvuvi ni mlango wa kuingilia, swali la uokoaji ndo nyumba.

Kwahiyo wafundishe hivi: anza na mtu mmoja akiwa anafanya kitu, aya tatu nne hivi, kisha weka aya moja inayomwambia msomaji waziwazi kwanini unamsimulia haya na kwanini leo. Aya hiyo ndo wanayoikosa wengi, unakuta makala kurasa nne tamu ukimaliza hujui ilikuwa inataka nini. Baada ya hapo historia, namba, wataalamu, mamlaka wanasemaje, na mtu wako arudi rudi katikati ili msomaji asichoke. Na tukio ambalo mwandishi hakuwepo liwe na mwenyewe: mfano kule Bukoba, kama unaandika nani aliufungua mlango wa ndege, andika nani kasema, muulize na mwingine aliyekuwa ndani. Stori za mashujaa zinapendwa mpaka watu wanasahau kuzihakiki.

Hatua ya 7: Kusahihisha ndo kufundisha

Darasa la watu 120 huwezi kukaa na kila mmoja kila wiki, hiyo najua. Gawa vikundi vya watu kumi, kila wiki mmoja anakuwa mhariri wa kikundi, kazi zote zinapita kwake kwanza, na yeye anapewa maksi za uhariri. We unachukua vikundi viwili kwa wiki unakaa nao uso kwa uso, stori mezani, mnasoma sentensi kwa sentensi. Maksi nyingi ziende kwenye rasimu ya pili. Ukitoa maksi zote kwenye rasimu ya kwanza hakuna atakayerudi kuandika upya, na kuandika upya ndo kitu tunachotafuta.

Kuhusu ChatGPT na wenzake, usimalize nguvu kuwinda nani katumia. Sema kila kazi inakuja na notibuku yenyewe, mwandiko wa mkono, majina na namba za simu za vyanzo, na we chagua viwili bila kusema vipi uvipigie. Dakika tano tu za simu. “Habari za saa hizi, kuna kijana wetu wa chuo alikuja kuongea na wewe?” Kompyuta inaweza kutunga nukuu lakini haiwezi kumtunga mama wa Feri akapokea simu. Namba hizo ni za watu, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ipo, kwahiyo chanzo aambiwe mapema kwamba mwalimu anaweza kupiga, na notibuku zisizagae ofisini.

Lugha nayo iseme wazi. Chuoni tunafundisha kwa Kiingereza, vijana wanaajiriwa kwenye redio na magazeti ya Kiswahili. Mi naona angalau nusu ya kazi ziandikwe Kiswahili na kamusi ya BAKITA (Baraza la Kiswahili la Taifa) iwe mezani, maana kuongea Kiswahili tangu utotoni hakumfanyi mtu ajue kukiandika.

Hatua ya 8: Bahasha, zungumza nayo waziwazi

Kipindi kimoja kizima. Wakienda mafunzo kwa vitendo wataikuta hiyo pesa ambayo mwandishi anapewa na wale anaowaandika, inaitwa nauli, inaitwa mshiko, inaitwa ya soda. Waeleze na upande wa pili: waandishi wengi mikoani wanalipwa kwa stori moja moja na malipo ni madogo, ndo maana bahasha inaishi. Alafu wapange darasani watajibu nini siku ofisa habari anawapa, maneno yenyewe, waigize mbele ya wenzao. Ukimwambia tu “usipokee” ataitikia ndiyo mwalimu, siku ya siku mdomo utakuwa mzito. Hapo hapo pitisha Sheria ya Huduma za Habari ya 2016 na ya Makosa ya Mtandao ya 2015 kwa mifano, na haki ya kujibu kwa anayetuhumiwa: amepigiwa lini, mara ngapi, amesema nini.

Hatua ya 9: Zitoke nje ya darasa

Kazi nzuri zipeleke hewani au gazetini. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wana redio na TV ya Mlimani, Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino (SAUT) wana redio yao, chuo ambacho hakina kitu ongea na redio ya jamii iliyo karibu, wengi wao wanatafuta stori za mtaani. Mwanafunzi akijua jirani zake watasikia, anahakiki jina mara tatu bila kusukumwa.

Na mtihani wa mwisho usiwe “eleza maana ya habari na utaje sifa zake saba”. Saa mbili asubuhi wagawie karatasi yenye jina la mtaa, saa tisa wawe wamerudi na stori ya maneno 400, vyanzo vitatu, mmoja apinge wenzake, hesabu chini ya ukurasa. Kusanya na notibuku.